Kinywaji cha Wali Kutoka Seoul

Mitaa ya maduka ya Seoul naijua kuliko mitaa ya Maskati, na sijawahi kuikanyaga. Naijua kwa sababu ya binti yangu, mtoto wangu pekee, anayewatembeza huko wageni wa nchi za Ghuba na kujirekodi kila anapokwenda. Hapa Ibra, nikishasali alasiri, nafungua simu nimsikilize akieleza kwa Kiarabu kizuri: vipodozi ni Myeongdong, vyombo na nguo za watoto ni Namdaemun, ukitaka karatasi na vyungu nenda Insadong. Kisha huwaonya juu ya vinywaji vya mchele. Kile cheupe kizito kina kileo, msikiguse. Sikhye ni kitamu tu, kinyweni. Nami namwitikia peke yangu sebuleni kama kichaa.

Wanawake wa soko la Jumatano wameshanizoea. Wakiniuliza habari za mwanangu nawaeleza bei za krimu za uso, maana habari nyingine sina. Kunipigia hanipigii sana, kazi, anasema. Tangu baba yake afariki nyumba hii imekuwa kubwa mno, na sioni haya kusema kwamba upweke unanitafuna.

Idi hii alikuja. Nilikuwa na swali moja tu, nimeliweka tayari tangu Ramadhani: atarudi lini moja kwa moja? Watalii hata huku wapo, Nizwa wamejaa tele, na Bidiya ndiyo usiseme. Nilingoja tu tukae wawili.

Wageni wa Idi walipopungua, aliingia jikoni na shayiri iliyooteshwa na kusagwa, aliyokuja nayo. Akapika wali, akaumwagia maji ya shayiri, akauacha kwenye sufuria ya umeme mpaka punje zikaelea. Akachemsha na sukari na tangawizi, akatia kwenye friji. Sikhye hiyo mimi niliiona togwa tu, lakini sikumwambia, asije akadhani namdharau.

Tulikaa chini, akanimiminia katika kikombe cha kahawa. Kilikuwa kitamu, si uongo. Nilipotosheka nikakitikisa kikombe, kama tufanyavyo sote hapa kumwambia anayemimina kwamba basi. Mtoto huyu alikuwa akiwamiminia kahawa wageni wetu tangu hajajua hata kusoma, na alama hiyo hakuikosa hata siku moja. Akanijazia tena.

"Vizuri mama, ukitikisa hivyo wali unapanda juu," alisema, kwa sauti ile ile ya kwenye simu. "Wageni wengi hawajui. Kwetu, wazee wanapewa punje nyingi."

"Kwetu wapi, mwanangu?"

"Seoul, yaani." Akacheka. Hata hakuona alichokisema.

Marehemu mama yangu alizeekea hapa Ibra, na mpaka anakufa kwao kulikuwa Unguja. Akisema "kwetu", baba alikuwa akigeuka kutazama mlango. Nami, mtoto, nikimcheka baba moyoni: neno dogo hivyo linamuuma nini?

Nilikinywa kikombe chote, na punje zake. Kisha nikamuuliza ndege yake inaondoka saa ngapi, nimfungie halwa.