Neno Nililompa Hakimu

Katika shule ya misheni kule Bungoma tulifundishwa Kiingereza kwa kukariri. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni maneno ya kuinuka na kutoka mbio ghafla, nasi tukayaimba: jump, leap, spring, dash, rush, charge. Kila neno lilikuwa na mwenyewe. Leap lilikuwa la swara, dash la kuku anayekimbia mvua, na charge la nyati aliyekuona na kukukusudia. Nililipenda hilo la nyati. Kwenye mtihani nililiweka mahali pake, na mwalimu akaisoma insha yangu mbele ya darasa zima. Tangu hapo nikawa na kiburi cha maneno. Sikifichi, maana ndicho kilichomfunga mtu.

Miaka michache baadaye nilikuwa mkalimani wa korti ya Kitale, kaptura imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Asubuhi moja aliletwa mkamuaji wa ng'ombe kutoka shamba moja la mzungu huko Endebess, Mbukusu kama mimi. Alishtakiwa kwamba amemvamia msimamizi wa shamba, mzungu kijana, akamwangusha kwenye sakafu ya banda la maziwa na kumvunja mkono. Hakimu alitaka kujua jambo moja tu: alikusudia au hakukusudia?

"Nilikuwa nakamua," mkamuaji alisema. "Nikainuka haraka, nikaenda mbio kwa ile mlango ingine. Bwana msimamizi alikuwa amesimama hapo. Ndio tukagongana."

"Kwa nini uliinuka?" hakimu aliuliza kupitia kwangu.

"Niliinuka tu."

"Alikuwa amekutukana?"

"Hapana, bwana. Niliinuka tu."

Alijibu hayo yote akiwa ameuelekeza uso ukutani. Hakimu akaudhika, akidhani ni ujeuri. Mimi nikatazama nyuma. Kwenye benchi ya mwisho alikaa mama mzee aliyejifunika leso mpaka kwenye nyusi, naye amegeukia upande wa pili. Sikuhitaji kuambiwa. Kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimwona njiani huingia kichakani ampishe, na kumtaja mbele ya watu ni aibu kubwa zaidi. Yule mtu asingesema kilichomwinua hata kama angefungwa maisha, kwa kuwa kilichomwinua kilikuwa kimekaa pale pale nyuma yake.

Mkalimani haongezi lake. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa kwa miaka mingi ya kutomtaja yule mama, na ni uongo mtupu, maana niliongeza. Hakimu aliponiuliza mshtakiwa amesema aliinuka vipi, ningeweza kujibu kwamba aliruka akakimbia, kwa maneno mepesi ya mtoto wa darasa la pili. Lakini karani wa kizungu alikuwa anasikiliza, na neno langu zuri lilikuwa limekwisha kufika mdomoni.

"He charged, sir," nikasema.

Hakimu akainua kichwa. Akalirudia lile neno la nyati polepole, akaliandika. Nikajisikia vizuri, Mungu anisamehe, kwa muda wa kama pumzi tatu. Kisha akasoma hukumu: miezi sita, kazi ngumu.

Yule mama alinikuta kwenye veranda ya korti. Alikuwa ametoka Misikhu kwa miguu kuja kumwona binti yake aliyejifungua. Siku ile ya mkasa hakuijua nyumba ya binti, akachungulia mlango wa banda ili aulize njia.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa kwetu," aliniambia. "Kwa nini hukusema ni mimi? Si ungesema tu. Mimi nilikuwa tayari kusimama."

"Hakimu hakuuliza, mama."

Akafungua kikapu na kunipa ndizi zilizofungwa kwenye jani. Yeye hakuweza kumpelekea mkwewe kwa mkono wake. Nikazipokea. Ningekataaje?

Mchana nilizipeleka jela. Askari akanipa dakika chache kwenye wavu. Nilimwambia mkamuaji zimetoka kwa nani bila kutaja, akaelewa, akainamisha kichwa.

"Ulimwona pale nyuma?" aliuliza.

"Nilimwona."

"Na hukumwambia mzungu."

"Sikumwambia."

Akazishika zile ndizi kwa mikono miwili. "Asante sana, ndugu. Nilikuwa naogopa wewe. Nilisema, huyu anajua mila yetu, anajua kizungu, atanitoa kwa kumwaga aibu yangu kwa watu wote. Lakini wewe umenifichia."

Nilitaka kumwambia. Ulimi ulionipa neno mbele ya hakimu haukunipa hata moja mbele yake. Nilisimama pale kwenye wavu nikaipokea asante yake yote, na mpaka leo sijairudisha.