Povu Jeupe Kwenye Mkebe wa Oili

Mwaka wa 2007 nilikuwa nikikusanya maziwa ya wakulima wa Dundori kila asubuhi na kuyashusha Nakuru kwa pikapu kuukuu ya dizeli. Nilikuwa na hasira za karibu. Baba alizoea kusema kwamba mimi huchemka kabla ya maji ya ugali, na hakuwa akinisingizia.

Pikapu ilianza kutoa moshi wa bluu ikipanda mlima. Kila niliyemuuliza alisema injini imekufa, nitafute nyingine. Aliyekataa ni fundi mmoja tu, mzee Mwislamu mwenye gereji ya wazi upande wa Kiamunyi. Babu zake walitoka pwani, yeye akazaliwa hapo hapo mjini, na watu walimwamini kwa sababu hakufungua injini isiyohitaji kufunguliwa. Alichomoa mpira unaorudisha pumzi ya injini kwenye njia ya hewa, akaingiza kidole, kikatoka kinameta oili.

“Injini yako ni nzima,” akasema. “Inapumua oili, halafu inaimeza na kuichoma. Tutaweka kitu hapa katikati, oili ibaki humo, hewa iendelee na safari.”

Alitengeneza mkebe mwenyewe kwa kipande cha bomba la chuma: pumzi iingie ubavuni, itokee juu, na chini akaweka koki ndogo. Ndani alijaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, akazizuia kwa bati lenye matundu ili zisije zikavutwa na injini. Akaniambia nifungue koki kila Jumamosi nimwage kilichokusanyika. Moshi ulikwisha, nami nikamsifu kwa kila dereva niliyekutana naye.

Kisha baridi ya Julai ikashuka Dundori. Jumamosi moja nilifungua koki, likatoka povu zito, jeupe kama malai. Mimi ni mtu wa maziwa, rangi hiyo naipenda kwenye ndoo, si kwenye gari. Kila dereva anajua kwamba oili ikigeuka nyeupe, maji yameingia, gasketi inayotenga maji na oili imekwenda. Sikufikiri mara mbili. Niliteremka mjini makopo yakigongana nyuma.

Pale gereji kulikuwa na mziba pancha, mpaka rangi, mama wa chai na wateja wawili waliokuja na magari yao.

“Mzee, umeniulia injini!” nilipaza sauti hata kabla ya kuzima gari. “Wewe si fundi, wewe ni mwongo! Nyinyi, msimwachie huyu magari yenu!”

“Boss, shusha mori kidogo,” mziba pancha akasema. Sikushusha.

Mzee alisogea hadi kwenye pikapu. Alisubiri injini ipoe, akafungua redieta. Maji yalikuwa yamejaa hadi shingoni. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, nacho hakikuwa na weupe wowote.

“Pumzi ya injini ina unyevu,” akasema polepole. “Kwenu asubuhi ni baridi, unyevu unageuka maji humo mkebeni na kuchanganyika na oili. Mwaga tu, uendelee na kazi.”

Wakati huo mteja mmoja alikuwa amekwisha kurudisha gari lake barabarani na kuondoka. Mzee alimwona, nami nilimwona. Nilisema “Sawa,” nikapanda pikapu. Mpaka leo naionea haya ile sawa.

Baba aliposikia hakunifokea. Kwetu, ukimvunjia mzee heshima mbele ya watu, humwombi radhi pembeni. Unarudi ukaombe mbele ya watu wale wale, ili jina lake lisafike pale pale ulipolichafua. Nilimwahidi baba kwamba nitakwenda. Nikangoja mvua ipungue, nikangoja Krismasi ipite. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na nilidhani watu wale watakuwa pale siku zote.

Ukaja uchaguzi, na baada yake ghasia. Barabara zikafungwa, maziwa tukayamwaga, majirani wakahama usiku mmoja bila kuaga.

Nilikwenda mwezi Machi. Mzee alikuwa peke yake. Kibanda cha mziba pancha kilikuwa kimeteketea, mpaka rangi alikuwa amerudi kwao magharibi, na hakuna aliyejua mama wa chai alikimbilia wapi. Tulijuliana hali, akaniuliza habari za baba. Ndipo nikasimama wima na kusema kwa sauti, kana kwamba wote wapo: “Mzee, nilikukosea. Nilikuita mwongo na kazi yako ilikuwa ya kweli. Naomba unisamehe.”

Alijifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole.

“Mimi nilikusamehe siku ile ile, kijana wangu,” akasema. “Lakini wale waliokusikia wametawanyika, na kila mmoja ameondoka na jina langu vile ulivyowaachia.”