Picha ya Harusi Iliyochelewa Miaka Hamsini

Dorcas Chenge alikuwa na studio ya picha Mkolani: chumba kimoja, dirisha la upande wa mashariki, pazia la bluu la picha za pasipoti, na kiti cha kuzunguka kilichokuwa hakizunguki tena. Zamani, shule zikikaribia kufunguliwa, watu walipanga foleni mpaka barabarani. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni, na waliobaki kumjia ni wale ambao ofisi imewakatalia picha za simu. Dorcas alikuwa amekwisha kuwaza kufunga.

Asubuhi moja ya Juni akaingia mama mrefu wa miaka sabini na ushee, amevaa gauni la kwendea kanisani, amekumbatia boksi la viatu kama mtu aliyebeba mayai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unapiga picha za harusi?"

"Napiga. Harusi ni lini?"

"Ilikuwa mwaka sabini na tano."

Akafungua boksi. Ndani, juu ya pamba, walilala wanasesere kumi na tisa, kila mmoja ana kimo cha kidole cha kati. Miili ilisukwa kwa maganda makavu ya mgomba, nguo zilishonwa kwa vipande vya vitenge, macho yalikuwa shanga nyeusi. Alikuwapo padri, walikuwapo wazee wenye kanzu na makoti, na bibi harusi mwenye shela ya chandarua.

Mama huyo aliitwa Eugenia. Aliolewa na Jovitus Mutayoba kijijini kwao, upande wa Muleba. Mpiga picha alitoka Bukoba kwa baiskeli, akapiga siku nzima, kisha mkanda wa filamu ukaingia mwanga, ukaharibika. Haikupatikana hata picha moja. Sasa mwezi wa nane yeye na mumewe wangefanya jubilei ya miaka hamsini ya ndoa. Kwa miaka miwili, mzee akienda kunywa kahawa na wenzake, Mama Eugenia alikuwa akikaa peke yake kuisuka harusi yake, mtu mmoja baada ya mwingine.

"Nataka picha yao wote," alisema. "Ila iwe ya watu, isiwe ya wanasesere."

Dorcas akawapanga mezani mbele ya pazia la bluu, akapiga kwa flashi. Picha ilipotokea kwenye kompyuta, Mama Eugenia aliitazama muda mrefu. Nyuso zilikuwa bapa, na nyuma ya kila mmoja kilisimama kivuli cheusi.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hawa umewapiga kama watuhumiwa."

Dorcas aliona aibu, maana ilikuwa kweli. "Mama, niachie siku tatu."

Mama Eugenia alisita. Kisha akawataja wote kumi na tisa kwa majina, mmoja mmoja, kama anayemkabidhi mtu watoto, akaondoka bila kugeuka.

Siku ya kwanza Dorcas alijaribu taa ya mezani. Wakawa wa manjano kama wagonjwa. Siku ya pili alijaribu taa mbili. Vivuli vikawa viwili viwili. Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, umeme ukakatika. Alikaa kwenye kiti chake akitafuta maneno ya kumwambia yule mama. Hapo ndipo alipoona kwamba mwanga wa dirisha ulikuwa umemgusa bibi harusi aliyeachwa pembeni mwa meza. Upande mmoja wa uso uling'aa, upande wa pili ukafifia polepole, na nyuzi za mgomba zikaonekana kama ngozi ya mtu.

Alivuta meza hadi dirishani. Jua lilikuwa kali mno, akatundika kipande cha chandarua cheupe, mwanga ukalainika. Upande wa giza akasimamisha karatasi nyeupe ya manila, nayo ikaurudisha mwanga usoni mwao. Kitenge cha kijani akakitundika mbali nyuma, kikafifia kama shamba la migomba. Lakini bado walionekana kama vitu tu. Akagundua kwamba alikuwa anawatazama kutoka juu, kama jitu. Akapiga magoti, kidevu kikagusa meza, kamera ikawa sawa na macho yao. Katika kila ushanga kulikuwa na nukta ya dirisha. Walikuwa wanamtazama!

Akampigia simu Mama Eugenia. "Mama, siku ile kulikuwa na jua?"

"Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Tulipotoka kanisani jua likachungulia chini ya wingu, la dhahabu, likatupiga ubavuni. Watu walisema ni baraka."

Dorcas akaondoa manila, akaweka mahali pake karatasi ya dhahabu ya kufungia zawadi. Akapiga.

Jumamosi Mama Eugenia alikuja na mumewe, ambaye hakuwa ameambiwa kitu. Dorcas alimwamkia, akampa kiti, akamwekea picha kubwa mapajani. Mzee Jovitus alivaa miwani. Kidole chake kikaanza kutembea.

"Huyu ni shangazi Prudencia. Huyu ni padri wetu." Akacheka, akamgeukia mkewe. "Lakini Mama Antoni, mimi sikuwa mfupi hivi."

"Ulikuwa mfupi. Soli za viatu vya kaka yako ndizo zilizokurefusha."

Kidole kikasogea, kikasimama kwa mwanamke mmoja nyuma ya bibi harusi, mwenye kitambaa kichwani, shingo imeinama kidogo. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama," alisema.

Mama Eugenia alimweleza Dorcas kwa sauti ya chini. Mama mkwe wake alifariki miezi miwili baada ya harusi, na hakuacha hata picha moja. "Akifurahi, alikuwa anainamisha shingo hivyo. Niliogopa mikono yangu itakuwa imesahau."

"Haikusahau," alisema mzee. Alimshika mkewe mkono, na Dorcas akajifanya anatafuta bahasha.

Kwenye jubilei picha iliwekwa mlangoni pa ukumbi, na watu walisongamana kuitazama hata chakula kikapoa. Wajukuu waliuliza kila mtu ni nani, na wakajibiwa. Jumatatu yake mtu wa kwanza kubisha studio alikuwa Mzee Shimba wa Misungwi, na beseni lililofunikwa kwa kanga. Ndani mlikuwa na ng'ombe wa udongo, kazi ya vidole vya marehemu kaka yake, wengine wamevunjika pembe.

"Nimesikia unawapiga wakawa hai," alisema, kama anayeogopa kuchekwa.

Dorcas alikuwa ameshaanza kuvuta meza. "Babu, nishikie hii karatasi. Hapo hapo. Inue kidogo," alisema, akapiga magoti sakafuni. "Sasa niambie, yule dume aliyekuwa anatangulia ni yupi?"