Chamchanga wa Aktiki kwenye Matope ya Namoto

Tangu nilipoacha shule darasa la tano nimefanya kazi nyingi za ovyo, lakini hakuna iliyoipita ile ya kumbebea nyavu mtafiti kutoka chuo kikuu kimoja cha kaskazini kabisa, wanakosomea viumbe wa Aktiki.

Alikuwa akimfuata chamchanga, ndege mdogo anayekimbiakimbia kwenye matope yetu huku Namoto. Hutaga kwao kwenye baridi, kisha huja kwetu kula. Mmoja wao, mtafiti alikuwa amemfunga mguuni mwaka uliotangulia kifaa kilichorekodi njia yake nzima, na bila kukipata tena kifaa hicho masomo ya mtafiti yasingekamilika. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: kiumbe asiyefikia uzito wa limau anapita wapi?

Siku ya bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, yule ndege akanasa, kwenye mstari wa chini wa wavu. Mtafiti alikuwa na jedwali la saa za kujaa na kupwa kwa maji ya pwani yetu, lakini saa ya mkononi aliiacha kwenye saa za chuoni kwao, nyuma yetu kwa saa nzima, eti kumbukumbu zake zisivurugike.

“Doutor,” nikamwambia, “maji yanajaa.”

Akaigonga saa yake. “Bado saa moja,” akasema kwa Kireno cha kitabuni. “Tukienda wavuni sasa, ndege wengine watatimka.”

Wanawake waliokuwa wakiokota chaza walikuwa wameshageuka kurudi.

“We baba,” mmoja akaniita, “mzungu wako anangoja aoshwe matako?”

“Ana jedwali, mama.”

“Basi na alipande!”

Wakacheka, nikacheka nao, nisijongee. Hapo najidharau kuliko ninavyomdharau yeye. Nimezaliwa kando ya maji haya, nikasimama kama nguzo kwa kuwa mwenye karatasi alisema bado.

Tulipokimbilia wavu, maji yalikuwa magotini. Wanne tuliwatoa wazima. Yule wa kifaa alikuwa amekufa.

Mtafiti akakata kifaa, akakifuta kwa shati, akatabasamu. “Bahati! Data ziko salama.”

Nikamwomba anionyeshe njia ya ndege. Akasema hadi zichambuliwe chuoni, kisha atoe makala.

“Na huyu?”

“Tupa tu.”

Nikamwachia nyavu zake majini, nikaondoka na ndege mkononi. Njiani nikamkunjua mabawa, nikayapima. Hata shubiri mbili hayakutimia.