Mashine Mbili za Mukendi

Mukendi hakuwa mtu wa kuchelewesha kazi, ndiyo maana mwaka ule wa 1993 nilijua mapema kwamba anadanganya. Mimi Fidélie nilikuwa nikiingiza data katika chumba cha kompyuta cha kampuni moja ya shaba hapa Kolwezi, mkoani Katanga, naye alikuwa fundi wetu. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi mgodini. Mukendi mwenyewe alizaliwa hapa, akasoma hapa, akamwoa Mwadi, binti wa kaskazini mwa Katanga. Lakini mwaka ule iliamuliwa na wakubwa wa mkoa kwamba kila Mkasai arudi kwao. Mgodi ulikuwa nusu mfu, mishahara haionekani, na mtu mwenye njaa akionyeshwa wa kumlaumu haulizi maswali mengi. Stesheni ilijaa familia zilizolala juu ya magodoro zikingoja treni.

Kilichomweka Mukendi hapa ni mashine mbili. Zilinunuliwa kabla mambo hayajaharibika, ili programu ya hifadhidata ikae juu ya zote kwa pamoja: moja ikizimika, nyingine iendelee kutunza habari za bohari na wafanyakazi. Mkurugenzi, Tata Kazadi, alimwambia waziwazi: "Mpaka mashine zikuwe tayari, uko chini ya mukono yangu. Hakuna mutu atakugusa."

Sasa, programu ile haiwekwi juu ya mashine zisizoandaliwa. Mfumo wa uendeshaji lazima uwe ule ule huku na kule, saa zilingane, kumbukumbu ya kutosha itengwe, diski za pamoja zionekane na zote mbili, na kila mashine imjue mwenzake kwa jina. Fundi mzuri humaliza kwa siku chache. Mukendi alipanga asubuhi, akapangua jioni. "Saa zimepishana tena, Tata Directeur," alisema, uso mkavu kabisa, nami nikaangalia ukuta nisicheke.

Mashine alizipa majina ya mapacha wake, Mbuyi na Kabanga, kama Waluba wa Kasai wanavyowaita mapacha wote. Hapo ndipo ujinga ulipoanza. Vijana waliokuwa wakizunguka kuwasaka Wakasai walipita ofisini, wakaona majina yale yamebandikwa, wakamwuliza mkurugenzi tangu lini Wakasai wanafichwa ndani ya mashine. Kazadi akamwita Mukendi.

"Badirisha majina, mutoto wangu. Bitu bidogo hivi bisituletee matata."

Nilichemka. Watu wazima na akili zao wanaogopa mashine! Lakini Mukendi aliinamisha kichwa kwa adabu, akasema majina yameingia kila mahali, itabidi aanze upya, labda mwezi mzima. Kazadi akakubali. Tulipotoka, Mukendi alinibana mkono kwa furaha. "Mama Fidélie, bananipa mwezi!" Ilikuwa kazi ya mchana mmoja tu. Akaziita Lubudi na Fungurume, majina ya miji ya hapa Katanga.

Jioni moja, siku chache baadaye, tulirudi pamoja, kwa kuwa tulikuwa majirani. Mapacha walikuwa wakicheza mlangoni, wametupa mgongo.

"Mbuyi!" akaita. Hakuna aliyegeuka. "Kabanga!" Wakaendelea kurundika mawe yao. Nilidhani hawakusikia. Akamshika mmoja begani, na mtoto, bila hata kumtazama vizuri, akajibu haraka kwa jina la kwao mama yake: "Mi Ngoie. Mama yangu ni wa huku."

Mwadi akatoka jikoni, mikono imejaa unga. "Ni mi nilibafundisha," alisema. "Bakiulizwa mu njia, baokoke. Kwa mashine ulikubali. Kwa batoto utanikataza juu ya nini?"

Hakuwa akimgombeza. Mukendi alikaa chini mavumbini mbele ya wanawe, nami nilipouona uso wake nilitamani nisingepita njia ile.

Kesho yake nilimkuta kazini. Kufikia mchana kila kitu kilikuwa tayari, mashine zote mbili zinaonana, programu ingeweza kuwekwa saa ile ile. Akampelekea Kazadi funguo za chumba. Mzee alishtuka.

"Nani alikuambia umalize? Unafikiri sikujua unavuta siku? Ningekuacha uvute mpaka hasira ya batu ipoe."

Kumbe alijua muda wote. Mukendi alimshukuru kwa mikono miwili.

"Tata, hasira ya batu ningeivumilia. Lakini batoto yangu beko banajifunza kunikana."

Niliwabebea sufuria mpaka stesheni. Watu walikuwa wengi, watoto wanakohoa, na moyo wangu uliniuma kiasi kwamba nikaona heri niseme.

"Mwadi, weye ni wa huku. Hakuna mwenye atakufukuza. Unaenda wapi?"

"Tunaenda kwabo na bwana yangu."

"Kule kuko namna gani?"

Akamtazama mumewe, aliyekuwa ameinama akiwafunga mapacha kamba za viatu.

"Sijui," alisema. "Hata yeye hayafikaka kule."