Mikono ya Cassian na Kibuyu cha Dang'a

Saa kumi na moja alfajiri Cassian Kahigi amepiga magoti juu ya majani makavu ya migomba, nyuma ya ng'ombe wa jirani yake, Vero, katika kata ya Bugomora wilayani Kyerwa. Ng'ombe anahangaika tangu jana jioni. Kwato mbili zimetokeza, kichwa hakionekani.

Cassian haanzi. Anatoa mfukoni glavu za plastiki zinazofika begani na kuzivaa taratibu. Vero anamtazama, na uso wake haufichi kitu.

"Taata, mzee wangu, miaka yote umeingiza mkono mtupu," anasema. "Leo ng'ombe wangu anakutia kinyaa?"

Mzee anasogea karibu zaidi. Anaingiza mkono, anageuza kichwa cha ndama, anavuta. Dakika ishirini baadaye ndama jike yuko chini, anatikisa masikio.

Cassian, 61, hana cheti. Kazi ya kuzalisha ng'ombe alijifunza kwa baba yake, na ameifanya miaka thelathini na mitatu huku akiishi kwa ndizi na kahawa. Hatozi hata senti. Majirani humshukuru kwa kibuyu cha dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, na kukikataa ni kumwaibisha mwenye ng'ombe.

Mwaka juzi homa ilimwanza. Ilikuja jioni, ikamlowesha jasho, asubuhi ikaondoka. Magoti yakakaza, kiuno kikagoma. Alitibiwa malaria mara nne. Mara ya tano, daktari wa kituo cha afya wilayani Karagwe alimuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: unafanya kazi gani?

Kipimo kilionyesha brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Humwingia mtu kupitia maji ya uzazi, kondo la nyuma na maziwa yasiyochemshwa.

Dawa za wiki sita alizimaliza. Hofu ndiyo imebaki, na ina jina: Umutesi, mke wa mwanawe Jovin, anayeishi naye boma moja. Miezi mitatu kabla ya kipimo hicho, mimba yake ya kwanza iliharibika.

"Dang'a nilikuwa nampa mimi mwenyewe, ili apate nguvu," anasema Cassian. "Tuliipasha tu, hatukuichemsha."

Umutesi naye alipopimwa alikutwa na brusela.

"Nilimuuliza daktari kama ni mimi niliyemuua mjukuu wangu. Hakusema ni mimi. Hakusema si mimi." Anaigeuza mikono yake, anaitazama. "Tangu siku hiyo naiogopa."

Umutesi alitibiwa akapona, na sasa ana mimba ya miezi saba. Hamlaumu mkwewe, ila anamcheka kidogo. Anasimulia kwamba mzee akitoka zizini huoga mara mbili, kisha hukaa upande wa pili wa ua, wakaongea kwa kupaziana sauti. "Namwambia, Baba sogea, hasogei," anasema.

Zizini kwa Vero, Cassian anafukia kondo la nyuma kwenye shimo refu, mbali na mbwa. Akirudi, kibuyu kinamsubiri. Anakikataa. Vero anakasirika, na hapo mzee, kwa mara ya kwanza mbele ya jirani, anaeleza yaliyompata Umutesi.

Vero anakiweka kibuyu chini. Ng'ombe huyu alitupa mimba mwaka jana, na maziwa yake yalinywewa bila kuchemshwa. Anauliza, kwa sauti ndogo, kama kiuno chake kinachouma tangu msimu wa kahawa nacho ni kwa ugonjwa huo.

Cassian hajui. Anamwomba waende wote kupima, na bwana mifugo aje kupima ng'ombe, wa Vero na wa kijiji kizima. Huo ndio mpango wake: asiingie zizi lolote ambalo ng'ombe wake hawajapimwa. Anajua atachukiwa.

Umutesi ameshasema kwamba mtoto akizaliwa salama, wa kwanza kumpakata atakuwa babu yake. Daktari amemhakikishia Cassian kuwa mikono iliyonawa haina madhara kwa mtoto. Cassian anasema ameelewa.

Nyumbani kwake, juu ya kabati, kuna jozi moja ya glavu ambayo haijafunguliwa. Anaishusha, anaifuta vumbi, anairudisha.

"Hii si ya ng'ombe," anasema. "Nimeiweka kwa ajili ya siku hiyo."