Muuza Sufuria na Ndoo Yake ya Maji

Muuza sufuria wa soko letu hapa Vratsa hamuuzii mzee sufuria tupu. Huijaza maji kwanza kutoka kwenye ndoo yake, kisha huamuru, "Inua!" huku akitazama mikono, si uso. Leo Bibi Rusanka alitaka chungu cha chuma kama cha marehemu mama yake, cha kupikia kabichi za Krismasi. Akakiinua, mikono ikamtetemeka, maji yakamwagikia viatu vyake.

"Samahani, bibi, kishikio cha chungu hiki kimelegea," muuzaji akasema, akakisukuma chini ya meza. "Chukua sufuria hii nyepesi."

"Unauza vitu vibovu, huna hata haya!" Bibi akaondoka nayo akifoka. Alipopinda kona, muuzaji akakitoa kile chungu, akakipangusa, akakirudisha mezani kikiwa kizima.